Donge la Nta la Nungunungu

Hapo zamani za kale, wanangu, Bi Pimbi alikaa ndani ya jabali na mwanawe wa pekee, Chausiku. Mtoto alikuwa na homa siku ya tatu, hali wala hanywi, na dawa yake aliijua Mzee Kobe peke yake.

Njia ya kuingia jabalini ilikuwa siri. Pimbi walizungumza na wageni kwa mwanzi mrefu uliofukiwa ardhini, mdomo mmoja ndani, mwingine bondeni. Apitaye juu hakusikia kitu.

"Ngo! Ngo! Ngo!"

"Nani?"

"Mimi Kobe, nimeleta dawa. Nielekeze njia, mama, mtoto asije akazidiwa! Sema tu, humu hakuna wa kutusikia."

Bi Pimbi alikwisha kufungua kinywa, akamkumbuka dada yake. Mwaka uliopita dada huyo aliitaja njia yake mwanzini, na kweli, hakuna aliyesikia ila Fisi, aliyekaa upande wa pili. Watoto wanne wa dada huyo hawakuonekana tena. Mwanzi huficha maneno, lakini haumjui anayeyapokea.

"Lete mhuri," akasema.

Ndivyo ilivyokuwa desturi. Mganga alikwenda kwanza kwa Nungunungu, akatazamwa uso, akaulizwa kwao, ndipo akapewa donge la nta lililotobolewa kwa mwiba wa Nungunungu mwenyewe. Kila nyumba ya pimbi iliweka mwiba wake mmoja wa kulinganishia.

Donge likavutwa kwa uzi ndani ya mwanzi, kwaru, kwaru. Bi Pimbi akachomeka mwiba kwenye tundu. Ukapwaya.

"Nani kakutobolea, baba?"

"Aa... nimetoboa mwenyewe! Nani anayenijua kuliko mimi?"

Chausiku akakohoa. Bi Pimbi akatamani kulia. Akimfukuza huyu, atamvizia Kobe njiani.

"Haya, mhuri mzuri," akasema taratibu. "Pita kichuguuni, fuata mkuyu ulioanguka, utaona shimo pana. Usibishe hodi, mtoto amelala. Tanguliza kichwa tu."

Fisi huyo, mbio! Akafika, akajitosa, puu! Kumbe ni chumbani kwa Nungunungu, ambaye hulala mchana na hapendi kuamshwa.

"Uwiii! Pua yangu! Nakufa mie!"

Jua likielekea kuzama, Kobe akagonga mwanzi. Akaleta donge lake. Mwiba ukaingia, ukakaa barabara. Bi Pimbi akamtajia njia kwa sauti ndogo, Chausiku akanywa dawa, na asubuhi akaomba uji.

Fisi naye akawa na alama ya Nungunungu, lakini puani, na kila mwenye macho akaisoma. Dada yake Bi Pimbi alisimama juu ya jabali akaitazama pua ile kwa mbali. Hakucheka. Alikaa akahesabu majina manne, moja moja, kisha akaenda kumbeba Chausiku.

Basi, wanangu, kabla hujamnong'oneza mtu siri yako, hakikisha kwanza ni nani, na nani anamshuhudia.