Gemu Mpya na Benchi la Watazamaji

Siku ile kwenye kibanda cha gemu walikuwepo watu watano. Alikuwepo Mama Aneth, mwenye kibanda. Alikuwepo Luvanda, dereva wa bajaji. Alikuwepo Chengula, kinyozi wa mlango wa pili, pamoja na mteja wake Kayombo, ambaye alikuwa amenyolewa upande mmoja tu wa kichwa kwa sababu kinyozi alisema anakwenda kuchungulia dakika mbili. Na kwenye benchi la watazamaji alikuwepo Mwalongo. Nimewataja wote kwa sababu mfano wangu wa leo unamhusu mtu aliyekaribia kusahaulika, na sitaki nianze kwa kumsahau mwingine. Ni watu wa kutunga, wapendwa. Msitoke hapa mkaanza kuulizana ni kibanda cha nani.

Kibanda cha gemu mnakijua. Ndipo pale waume zetu wanapokwenda "mara moja tu" mpaka chai inapoa. Kuna televisheni, kuna mashine yake, na kuna ile pedi yenye vitufe wanayoishika kwa mikono miwili. Kinachochezwa sana ni mpira. Wanacheza wawili, anayefungwa anatoka, anayefuata analipa na kuingia. Nyuma yao kuna benchi la wasiocheza. Hao hawalipi. Wanaangalia, wanacheka, wanamwambia mchezaji alipokosea.

Mwalongo alikuwa mtu wa benchi. Zamani alifanya kazi kwenye mashine ya kupasua mbao, na siku moja mashine ikamchukua vidole vinne vya mkono wa kulia. Kwa mkono wa namna hiyo hawezi kucheza. Alipotoka hospitali alikaa nyumbani wiki nyingi akiangalia ukuta, mpaka asubuhi moja alipoingia kibandani na kuuliza kama anaruhusiwa kukaa tu.

Mama Aneth akamwambia, "Kaa, kaka. Benchi halina mlinzi."

Kesho yake alikuta mahali pale alipokaa, penye msumari uliochomoza, pamewekwa gunia lililokunjwa vizuri. Hakuna aliyesema ni nani aliyeliweka. Mimi napenda sana kitu kama hicho. Mtu anaona msumari unaomchoma mwenzake, analeta gunia, halafu anaendelea na kazi zake.

Basi ikawa miezi minane. Mwalongo anakuja, anasalimia, anakaa. Watu wakigombania zamu, yeye ndiye anayekumbuka nani alitangulia. Pale alikuwa mtu tena.

Sasa shida ikaja. Kulifunguliwa kibanda kingine karibu na stendi, chenye televisheni kubwa nne. Wateja wakaanza kuhamia huko. Mama Aneth ana watoto watatu, na kibanda ndicho kinachowalisha. Akawaza, akapanda gari mpaka mjini, akarudi na gemu mpya ambayo kibanda cha stendi hakina. Haikuwa ya mpira. Ilikuwa ya shujaa mwenye upanga anayetembea nchi nzima kumtafuta dada yake aliyechukuliwa. Anapigana, anakutana na watu, na kadiri anavyosonga ndivyo anavyoongezeka nguvu. Bei yake ilikuwa sawa na kodi ya kibanda ya miezi miwili.

Muuzaji alikuwa na utu. Alimwambia, "Nakuona una wasiwasi, mama. Chukua, ikajaribiwe. Ukiona haifai, Jumatatu nirudishie, mradi diski isiwe na mkwaruzo."

Siku ya Jumamosi, kabla ya kuiwasha, Mama Aneth aliwaita Luvanda na Chengula mlangoni akaongea nao kwa sauti ya chini.

"Kama ni nzuri naibakiza. Lakini gemu hii inachukua muda mrefu, haiwezi kukaa pamoja na mpira kwenye televisheni moja. Itabidi nilete ile ya nyumbani iwe ya pili."

"Utaiweka wapi?" Chengula akauliza. "Humu hata miguu haina nafasi."

"Pale penye benchi."

Luvanda akageuka kidogo kuangalia ndani. "Na Kaka Mwalongo?"

Mama Aneth akashika pindo la kanga yake akaanza kulikunja. "Sijui nitamwambiaje," akasema. "Basi, twende mkajaribu. Mniambie ukweli, inafaa bei yake au nimepigwa."

Msimhukumu, akina mama. Nani kati yetu hajawahi kufika mahali ambapo, ili watoto wale, lazima mtu mmoja aondolewe kwenye nafasi yake?

Luvanda akashika pedi. Gemu ikafunguka, milima, mto, mawingu yanatembea. Ilikuwa nzuri, lakini watu wake walizungumza Kiingereza, na maneno yao yaliandikwa chini ya picha. Sasa wachezaji wa mpira wana mazoea yao. Kabla mechi haijaanza, mtangazaji anaongea weee, wachezaji wanapeana mikono, na wao wanabonyeza kitufe kimoja kuyapita hayo yote ili mpira uanze. Kidole kimeshazoea. Akitokea mtu wa kuongea, bonyeza. Akiendelea, bonyeza tena.

Shujaa akafika darajani. Pale alikaa bibi mmoja kando ya moto, akafungua mdomo. Luvanda akabonyeza. Bibi akaanza tena. Akabonyeza. Ikawa hivyo mara nne. Likaja swali lenye majibu mawili, Luvanda akachagua la chini kwa sababu ndilo lililokuwa karibu. Shujaa akachomoa upanga akampiga yule bibi, akafa.

"Moja bila," akasema Luvanda.

"Safi," akasema Chengula. "Sasa songa mbele."

Mbele hapakuwa na mbele. Daraja lilikuwa limekatika. Alizunguka msituni, akatokewa na mnyama mwenye pembe, akafa. Akaanza tena, akafa. Chengula akampokonya pedi, naye akafa, tena haraka zaidi. Saa nzima ikapita.

"Gemu gani hii?" Luvanda akalalamika. "Haina timu, haina refa, unakufa tu. Nimekufa mara tisa. Ningekuwa na bima ya maisha wangeshanifukuza."

Kayombo akashika ule upande wake wenye nywele akauliza, "Chengula, zile dakika mbili zako ni za saa ipi?"

"Tulia, namalizia kufa."

Mama Aneth akawaangalia mmoja mmoja. "Kwa hiyo?"

"Haifai, mama," akasema Luvanda. "Samahani. Umepigwa."

Mama Aneth akaanza kuirudisha kwenye kasha lake. Usoni alikuwa na huzuni, lakini ukimwangalia vizuri ungeona na nafuu kidogo. Benchi lingebaki. Asingelazimika kumwambia mtu jambo gumu.

Sasa, wapendwa, njooni tukae kwenye nafasi ya Mwalongo. Gemu ikirudi mjini, yeye anabaki na mahali pake, na gunia lake, na watu wake. Ikibaki, anarudi nyumbani kwenye ukuta. Anachotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Wangapi kati yetu tungeweza kufumbua mdomo?

Mwalongo akasema, "Luvanda, yule bibi alikuwa anakuelekeza njia."

"Bibi yupi?"

"Uliyempiga panga."

"Sasa mbona hakusema?"

"Amesema, ndugu yangu. Umemkatisha mara nne."

Wote wakamgeukia. Hawakujua kwamba alisoma mpaka kidato cha nne, na kwamba zamani pale kwenye mbao ndiye aliyekuwa akisoma vitabu vya mashine zilizotoka nje. Miezi minane wamekaa naye na hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Unayasoma yale maandishi?" akauliza Mama Aneth.

"Nayasoma. Mwambie aanze upya, na akifika kwa bibi asiguse kitu."

Gemu ikawashwa tena. Shujaa akafika darajani, bibi akafungua mdomo, na Luvanda akaweka pedi juu ya magoti kabisa ili kidole kisimsaliti. Mwalongo akasoma taratibu, kwa Kiswahili, kama anayemsomea mgonjwa barua.

"Anasema, umechoka, kaa kwanza. Anasema, dada yako alipita hapa siku tatu zilizopita. Nilikuwa na mkate mmoja. Nusu nilimpa yeye, na nusu nimekuwekea wewe, maana aliniambia kwa uhakika kabisa kwamba utakuja."

 Luvanda alikuwa anaangalia chini.

"Mkate wangu," akasema. "Nilimuua mwenye mkate wangu."

"Sasa anakuuliza, utakaa naye mpaka moto uzime? Jibu la juu ni ndiyo."

Luvanda akachagua la juu. Shujaa akaketi. Walikaa pale wote wakiangalia moto wa kwenye televisheni ukipungua, watu wazima na kazi zao, na bajaji imeegeshwa juani. Moto ulipozima, bibi akasimama akaonyesha njia iliyokuwa chini ya daraja. Toka hapo wakawa hawabonyezi tena. Akitokea mtu, wanasubiri Mwalongo. Kulikuwa na mfua vyuma aliyefiwa na mwanawe, kulikuwa na mlinzi wa lango aliyeogopa kusema kwamba haoni vizuri. Kila aliyesikilizwa alitoa kitu, na yule mnyama mwenye pembe, ikaonekana, alikuwa analinda watoto wake. Ukipita kando, hakugusi. Kayombo alikaa na kichwa chake cha nusu bila kuuliza saa. Mama Aneth alisimama mlangoni, kiganja mdomoni.

Saa kumi na moja Chengula akavuta pumzi. "Mama Aneth, nafuta maneno yangu. Inafaa. Hata ingekuwa kodi ya miezi mitatu."

Aliposema hivyo, wote wakaligeukia benchi, kwa sababu walijua kufaa kwake kuna maana gani.

Mama Aneth akasogea mpaka kwenye benchi. "Kaka Mwalongo. Kuna jambo nilitakiwa kukwambia asubuhi."

"La benchi? Nalijua, mama."

"Nani amekwambia?"

"Mliniambia wenyewe pale mlangoni. Mashine ilichukua vidole, masikio iliniachia."

"Ulijua," akasema Mama Aneth. "Ulijua tangu asubuhi, na mimi nilikuwa nairudisha. Kwa nini hukunyamaza?"

Mwalongo akautazama mkono wake. "Miezi minane umenikalisha hapa hujaniuliza hata shilingi. Mtaa mzima ulipoona siwezi kazi, wewe uliniwekea gunia. Ningekuacha urudishe kitu kizuri kwa kuwa tu hukukielewa? Hapana, mama. Watoto wako wale. Mimi nitapata pa kukaa."

Hapo Mama Aneth akaona alichokuwa anakaribia kukifanya. Alikuwa amenunua kitabu cha bei kubwa, na ili apate nafasi ya kukiweka, alikuwa anamtoa nje mtu pekee anayeweza kukisoma.

"Televisheni yangu ibaki nyumbani," akasema. "Watoto waangalie katuni. Asubuhi mpira, mchana hii, na hapa utakaa wewe, na nitakulipa."

Luvanda akasema, "Na mimi nani atanilipa kwa kufa mara tisa?"

Wapendwa, mfano umeishia hapo. Sasa ni sisi.

Sisi ndio wenye kidole kilichozoea. Mtoto anatoka shuleni, anaanza, "Mama, leo mwalimu," na sisi tunabonyeza: vua sare, kale. Mama mkwe anaeleza habari za ujana wake, tunabonyeza. Mume anarudi na jambo limemkaa kooni, tunabonyeza, tunamuuliza mafuta ya taa yako wapi. Mimi mwenyewe juzi nilimkatisha binti yangu mara nne huku nikimnyonyesha mdogo wake, na mpaka leo sijui alitaka kusema nini. Halafu jioni tunakaa tukiuliza: ndoa hii inafaa bei niliyoilipia? Kulea huku kunafaa? Kanisa hili linafaa? Tunazunguka msituni, tunakufa mara tisa, tunasema tumepigwa. Jamani, yule aliyekuwa na nusu ya mkate wetu tulimpa nafasi ya kuongea?

Na nani yuko kwenye benchi letu? Hapa ndani yupo mama asiyechangia kwenye vikao, halipi, anakaa nyuma. Kuna siku tumepanga mambo yetu kwa sauti ya chini tukidhani hasikii. Anasikia. Anasikia na bado Jumapili anatupokea vikapu mlangoni. Je, tumewahi kumuuliza anajua nini?

Tena nina neno moja la mwisho, na hili linanitoa machozi nikilifikiria. Bwana wetu alipotununua sisi, alijua bei. Hakuomba kutujaribu mpaka Jumatatu aone kama tunafaa. Tulipomkatisha mara nne, alianza kusema tena kwa mara ya tano. Basi wiki hii, mmoja wetu akifungua mdomo nyumbani, tuweke mikono juu ya magoti, tukae, tungoje mpaka moto uzime.

Kayombo alimaliziwa kunyolewa siku ya pili yake. Gemu yenyewe walikuja kuimaliza baada ya miezi mitano.