Mistari Mitatu Chini ya Mchoro

Mtu mmoja alikuwa na nyumba mpya, na mdogo wake alikuwa fundi umeme. Mtu huyo aliitwa Mbaruku. Mdogo wake, Hemedi, kabla ya kusafiri kikazi alimchorea ramani ya nyaya, akamwachia na fimbo ndefu ya shaba, akamsihi asifunge umeme mpaka arudi. Lakini Mbaruku hakuwa mtu wa kusubiri. Aliitandaza ramani mezani, akaisoma mwenyewe. Duara lenye msalaba ndani, taa. Nusu duara, soketi. Kila alama aliiuliza swali moja tu, utanipa nini, nayo ikamjibu.

Chini kabisa akakuta mistari mitatu iliyolala, kila mmoja mfupi kuliko wa juu yake. Haiwashi taa, haizungushi feni. Mbaruku akacheka, akasema moyoni kwamba mafundi nao kwa madoido hawajambo. Akairuka. Ile fimbo ya shaba akaipigilia uani, akamfungia mbuzi.

Siku ya kuwasha, taa zote ziliwaka. Majirani wakashangilia, naye akatembea kifua mbele, akisema mwenye macho haambiwi tazama. Miezi ikapita salama.

Asubuhi moja mkewe, Mwanaidi, alikuwa akipiga deki jikoni, pekupeku. Ndani ya friji waya ulikuwa umechubuka na kugusa bati, wala hakuna aliyejua. Akashika mlango wa friji. Mbaruku alisikia ndoo ikianguka, akakimbia, akamkuta mkewe ameganda, macho yamemtoka, mkono hauachii. Akazima swichi kuu, mwanamke akaanguka. Alipona, lakini vidole vya mkono ule havikukunjuka tena.

Hemedi aliporudi, Mbaruku alikuwa bado amepigwa na bumbuazi, akirudia neno moja tu, kwamba taa zote zilikuwa zikiwaka. Mdogo wake akaweka kidole kwenye ile mistari mitatu.

"Hii si ya kukupa kitu, kaka. Ni njia ya kuitoa shari nyumbani, ipitie ile fimbo ya shaba, iende ardhini isimpate mtu."

Mbaruku akageukia uani. Mbuzi alikuwa palepale kwenye fimbo, anacheua. Kinga ya mkewe ilikuwa imesimama karibu na jikoni tangu siku ya kwanza, na hakuna waya uliofika pale.

Nanyi mnaonisikiliza, mnaojisifu kwamba nyumba zenu zina mwanga tele: shari ikiingia leo, itatokea wapi, kama si mikononi mwa mnaowapenda?