Mkeka wa Kwanza ni Nafasi

Mkeka wa kwanza ni nafasi. Mmemsikia shangazi yenu akiisema asubuhi hii alipoamuru makochi yatolewe sebuleni kabla ya maulidi, nanyi mkaguna, kisha mkaja kuniuliza imetoka wapi. Methali hiyo ina mwenyewe. Alikuwa mwanamke wa Ujiji, jina lake Bi Siwema, na mimi simcheki, maana kosa lake lilikuwa la mapenzi.

Bi Siwema alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja tu, Mwamini, aliyeolewa Kasulu. Siku ileile bibi arusi alipoondoka, mama alianza kuiwaza arobaini. Desturi mnaijua: uzazi wa kwanza hulelewa kwa mama mzazi, naye humkanda mwanawe maji ya moto siku arobaini mpaka arudi kwa mumewe. Arobaini hiyo haina ya pili. Basi kila alichokipata akakiweka kwa ajili ya siku hizo: mabeseni, masinia, chupa za chai, magodoro matatu, doti za khanga, ndoo zenye vifuniko. Hata kopo tupu hakulikataa. Cherehani ya marehemu mumewe, iliyoharibika kabla mwenyewe hajafa, nayo ilikuwa humo. Alikuwa na neno lake kwamba kila kitu kina siku yake, akabandika hiki juu ya kile. Miaka minne ikapita hivyo, dirisha la chumba cha Mwamini likafunikwa, na Bi Siwema akasahau kama lilikuwepo.

Mimba ilipotimia miezi minane, Mwamini aliletwa na mama mkwe wake, Bi Kashindi. Alifika miguu imevimba, hana hamu ya chai wala maneno, anataka kujinyoosha tu. Bi Siwema akausukuma mlango wa chumba kwa fahari, nao ukakwama nusu. Mwamini akajaribu kuingia kiubavu, tumbo likamzuia. Alipojisukuma kidogo, masinia yakaporomoka kutoka juu, yakamkosa mguu kwa inchi moja.

Bi Kashindi akamshika mkono, akamrudisha sebuleni. Alikuwa mwanamke mpole, asiyependa kumwaibisha mtu kwake.

“Mkwe wangu,” alisema, “nyumba yako imejaa heri. Lakini huyu hapiti. Niruhusu nirudi naye, akajifungulie kwangu.”

Bi Siwema akauonyesha ule mlango uliokwama. “Vyote hivyo nimemwekea yeye.”

“Najua, mama,” Mwamini akajibu, machozi yakimlengalenga. “Umeniwekea kila kitu, ila pa kulala.”

Mama hakubisha. Aliwapa uji, akawaomba wamngoje mpaka alasiri, kisha akatoka kibarazani akawaita majirani waje wachukue vitu. Mwanzoni kila beseni alilitoa, akalirudisha, akalitoa tena. Alipofika kwenye cherehani alikaa chini akalia. Jirani mmoja, fundi wa nguo, akamuuliza taratibu kama marehemu aliinunua ikae au ishone. Bi Siwema akajifuta machozi kwa ncha ya khanga, akamwambia aichukue, akaitengeneze ishone. Baada ya hapo mikono yake ikawa miepesi. Yeye ndiye aliyekuwa akiwahimiza wabebaji. Dirisha lilipofunguliwa upepo wa ziwani ukaingia, naye akasimama katikati ya chumba, akanyoosha mikono pande zote asiguse kitu. Alicheka peke yake, na moyo wake ukatulia kuliko siku yoyote ya miaka ile minne.

Kilibaki kitanda kimoja na godoro moja. Mwamini alipanda, akalala kiubavu, na usingizi ukamchukua palepale. Bi Kashindi akafungua mzigo wake, akatoa mkeka wa ukindu aliousuka kwa ajili ya mzazi, akautandika kando ya kitanda.

“Basi mkeka wangu ndio wa kwanza kwa mjukuu wetu,” akatania.

“Wako ni wa pili, mkwe,” akasema Bi Siwema. “Mkeka wa kwanza ni nafasi.”

Mwamini alijifungua salama, na siku ya arobaini masinia yale yalirudi kutoka kwa majirani yamejaa pilau, yakaondoka matupu, na Bi Siwema hakuzuia hata moja. Alikuwa amekaa chini, amempakata mjukuu.

Haya, inukeni mkamalizie makochi. Na mtu akiwauliza wageni watakalia nini, jibu mnalo: mkeka wa kwanza ni nafasi.