Alama Alizozifuta Swaumu

Baridi ya asubuhi ya Kasulu haina adabu, na Januari ya mwaka 2014 ilikuwa imeshuka hasa juu ya kilima palipokuwa na shule moja ya sekondari. Wanafunzi wachache wa kidato cha pili, waliochaguliwa kwa uhodari wao wa hesabu, walijikunyata wakimsubiri Mwalimu Esteri. Walikuwa wanaanza darasa maalumu la jiometri. Kuingia humo kulikuwa sifa kubwa, iliyofurahiwa hata na majirani wasiojua pembetatu ni mnyama gani.

Mwalimu Esteri, mzaliwa wa Mabamba, alikuwa mpole wa sauti na mgumu wa msimamo. Masomo aliyafundisha kwa Kiingereza kama ilivyompasa, lakini sheria zake alizitoa kwa Kiswahili ili asipatikane wa kusingizia lugha.

"Kila swali lina alama kumi," alisema. "Jibu ni alama mbili, njia ni alama nane. Ukikosea, pitisha mstari juu ya kosa, usilifute. Kosa ninaloliona naweza kulipatia alama, maana litanionyesha ulikuwa unafikiri nini. Atakayekuwa chini ya wastani wa hamsini ifikapo Juni, anarudi darasa la kawaida. Mmeelewa?"

"Ndiyooo!" darasa likaitikia. Watoto wetu huitikia hivyo hata wakiulizwa kwa Kichina.

Miongoni mwao alikuwamo Swaumu, binti wa Abdulrahmani, muuza vitambaa wa karibu na soko. Alikuwa msichana nadhifu, na daftari lake lilipendeza kulitazama. Yeye na wenzake walimaliza darasa la saba kwa mtihani wa hisabati wa kuchagua na kusiliba majibu, na tangu hapo hakuna aliyewahi kumwuliza jibu lake limetoka wapi. Hilo lilimfaa, kwa kuwa Swaumu alikuwa na siri. Katika jiometri hakuwa akifikiri, alikuwa akipima. Alichora umbo kwa ustadi mkubwa, akaweka kipimapembe juu yake, akasoma pembe, akaandika jibu. Kisha alifuta alama za kupimia mpaka karatasi ikang'aa.

Katika mtihani wa kwanza alipata majibu yote, lakini karatasi ikarudi na alama ishirini kwa mia. Swaumu alimfuata mwalimu kwa heshima, ingawa alikuwa amekasirika.

"Mwalimu, majibu yangu si sahihi?"

"Ni sahihi."

"Sasa alama zangu ziko wapi?"

"Ulizifuta," alijibu Mwalimu Esteri. "Hebu niambie, kwa nini pembe za kitako za pembetatu pacha, yenye pande mbili sawa, ni sawa?"

"Kwa sababu zote ni sitini na tano."

Mwalimu aliweka kalamu yake mezani. "Kama kuna jambo hukulielewa, sema. Sitakula nyama yako."

"Nimeelewa, mwalimu," Swaumu akasema, akaondoka.

Angewezaje kusema? Baba yake alikuwa amekwisha kuitangaza habari yake dukani. Kila mteja aliyekuja kununua kitenge alipimiwa na sifa za binti juu yake. Mzee Hilali, jirani aliyependa kukaa kwenye benchi la duka hilo kuliko kwake, alimvika Abdulrahmani kilemba cha ukoka kila siku. "Huyu ni mhandisi kabisa," alisema, na Abdulrahmani akajaa kama pishi. Swaumu alipoulizwa juu ya mtihani, alijibu kwamba mwalimu bado anasahihisha.

Rafiki yake wa darasa hilohilo maalumu, Dorcas Niyonsaba, alitoka katika familia ya wakulima wa Kagerankanda. Karatasi ya Dorcas ilitisha kwa mistari ya kukata, lakini ilikuwa na alama sitini na mbili.

"Njoo tusome pamoja, shoga," Dorcas alimwambia. "Mimi pia hiyo pembetatu ilinisumbua, nikaenda kuuliza mara nyingi mpaka nikaona haya."

"Mimi haijanisumbua," Swaumu alijibu, akajikaza kisabuni.

Mtihani wa pili ulikuja mwezi Machi. Safari hii Mwalimu Esteri alichora maumbo kwa mkono mtupu, yamepinda kwa makusudi, na akakataza kuyachora upya. Kipimapembe cha Swaumu kikawa hakina kazi. Kila alichokipima kilikuwa uongo, naye hakuwa na njia nyingine. Alipata alama nane. Aliikunja karatasi ile mara nyingi, akaisukuma chini kabisa ya begi, na njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akisikia aibu kama homa.

Wiki moja ya Aprili alikaa na aibu hiyo peke yake. Halafu, mwalimu alipomaliza kipindi na kuuliza kama wameelewa, na darasa likaitikia kama kawaida, Swaumu alisimama.

"Mwalimu, mimi sijaelewa."

"Kuanzia wapi?"

"Kuanzia Januari."

Darasa zima liliangua kicheko. Mwalimu Esteri hakucheka, wala hakugomba. Alifuta ubao, akachora pembetatu pacha, akaikata katikati kwa mstari mmoja kutoka kileleni hadi kitakoni. "Sasa una pembetatu ngapi? Pande zipi zinafanana?" Swaumu alijibu, akakosea, akakata, akajibu tena. Alipoona kwamba vipande vile viwili vililingana pande zote, na kwamba pembe zake hazikuwa na hiari ila kuwa sawa, alifurahi mpaka akasahau waliomcheka.

Kuanzia siku hiyo akawa mtu wa kuuliza. Alimwuliza mwalimu, alimwuliza Dorcas, na karatasi zake zikawa chafu kama za wenzake. Mtihani wa tatu alipata sabini na sita, wa nne themanini na nne. Lakini wastani haumhurumii mtu. Mitihani minne ilipojumlishwa na kugawanywa, Swaumu alikuwa na arobaini na saba.

"Akili unayo," Mwalimu Esteri alimwambia, na sauti yake ilikuwa na huzuni. "Ungesema Februari, ungebaki. Sheria niliyowawekea wote siwezi kukukunjia wewe."

Jioni hiyo Swaumu alimkuta baba yake akikunja vitambaa, akamweleza yote. Abdulrahmani alisimama na kitenge mkononi.

"Ulikuwa unamficha mwalimu?"

"Nilikuwa nakuficha wewe, baba. Niliogopa kwamba nikisema sijui, nitatolewa na wewe utaaibika."

"Na sasa umetolewa kwa kuwa hukusema."

"Ndiyo, baba."

Ilimuuma baba, na hakuficha kwamba imemuuma. Alikunja kitenge kile, akakiweka juu ya vingine. "Kesho Mzee Hilali atauliza habari zako," alisema. "Nimjibu mimi?"

"Nitamjibu mwenyewe."

Na kweli, kesho yake mzee aliuliza, benchi likiwa limejaa wateja. Swaumu alimwamkia, akainua uso. "Nimetolewa darasa maalumu, babu. Nilikuwa sijui, nikajifanya najua. Nilipokubali kufundishwa, muda ulikuwa umekwisha."

Hapakuwa na aliyemcheka, kwa kuwa kila aliyeketi pale alikuwa na lake alilowahi kulifunika mpaka likamgharimu. Mficha uchi hazai.