Kiti cha Nyuma cha Mzee Ambilikile

"Mshika usukani hakijui kiti cha nyuma." Ndivyo dada yenu alivyomwambia mwenyekiti wa kamati ya maji leo asubuhi, nanyi mkacheka mkidhani anamtania. Mmeniuliza maneno hayo yametoka wapi. Yametoka huku huku kwetu Rungwe, na chanzo chake ni hiki.

Mzee Ambilikile alikuwa mkulima wa ndizi, na alikuwa na gari dogo alilolipenda kama kitinda mimba. Mwanawe Lugano alikuwa kazini migodini, Chunya, akamwacha mkewe Atuganile kwa wazazi, mjamzito. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imeharibika. Safari hii presha ilikuwa ikimpanda, na daktari alimwonya asikose kliniki ya mjini hata mara moja. Mzee akajitolea kumpeleka mwenyewe.

Sasa, desturi yetu ya zamani mnaijua. Mkwe wa kike hamtazami baba mkwe usoni, hasemi naye, hata jina lake halitamki. Kwa hiyo Bibi Tumpe, mke wa mzee, alikaa mbele kando ya mumewe. Atuganile alikaa nyuma, amejifunika khanga mpaka kwenye paji la uso, kimya kama mzigo.

Walikwenda hivyo mara kadhaa. Kisha siku ya kliniki ikafika, Atuganile akasema haendi. Mama mkwe alipomuuliza, alisema kichwa kinamuuma. Alipombembeleza, alisema atakunywa dawa za kuchemsha. Hakusema zaidi, maana kulisema vibaya gari la baba mkwe ni kumsema mwenyewe.

Mzee alichukia. Alisema njia ni mbovu kwa watu wote, yeye anapita humo humo na hajafa. Alisema mabinti wa siku hizi wanataka kubebwa kama mayai. Lakini usiku hakulala vizuri, kwa sababu naye alikuwa akimwogopea yule mjukuu.

Bibi Tumpe hakuishia kwenye kichwa kinachouma. Alimfuata mkwewe jikoni, akafunga mlango, akamwambia kwamba humu hamna wanaume. Ndipo Atuganile akalia.

"Mama, kila nikishuka kwenye lile gari, mtoto hachezi mpaka kesho yake."

Bibi akatoka moja kwa moja hadi uani. Mzee alikuwa akifuta kioo.

"Baba Lugano, wewe umewahi kukaa nyuma ya gari hili?"

"Nikae nyuma, usukani nimwachie nani? Mbuzi?"

"Mwachie Gwakisa. Fundi wako huyo, anaendesha kukuzidi."

Mzee alinung'unika, lakini mke wake alikuwa amekwisha kumtuma mtu kwa Gwakisa. Wakaondoka, Gwakisa usukanini, mzee nyuma, pale pale anapokaa mkwewe.

Walipoanza kushuka bonde la chai walikuta shimo dogo. Mbele gari lilipita kwa upole. Nyuma mzee alirushwa, kichwa kikagonga paa. Akatua, akarushwa tena, akatua, akarushwa tena.

"Kwani hilo shimo haliishi?"

"Limeisha zamani, mzee. Hilo sasa ni gari lenyewe."

 Mzee alijitazama, akakuta ameshika tumbo lake kwa mikono miwili.

"Simama," akasema taratibu.

Gwakisa alishuka, akalikandamiza buti kwa nguvu, akaliachia. Gari lisilo na hitilafu hushuka, likapanda, likatulia. Hili liliendelea kupanda na kushuka kama mtu mwenye kwikwi. Wakachungulia chini. Shokapu za nyuma, zile zinazozuia springi zisichezecheze, zilikuwa zimevuja mafuta, na vumbi limegandia juu yake. Mikungu ya ndizi iliyojazwa kwenye buti mwaka hadi mwaka ndiyo iliyozimaliza. Tena mzee mwenyewe aliwahi kuagiza springi zichomekwe vipande vya raba ili mkia wa gari usiiname kwa mzigo, na raba hizo zilizidisha ugumu. Za mbele zilikuwa nzima, ndiyo maana dereva hakuhisi kitu.

Waliporudi, Gwakisa alizitoa raba, akafunga shokapu mpya zote mbili kwa pamoja, maana ukifunga moja gari huyumba. Mzee akalikandamiza buti mwenyewe. Likashuka, likapanda, likatulia. Hata hivyo hakuridhika mpaka alipozungushwa tena bondeni, amekaa nyuma.

Siku ya kliniki ilipofika tena, Bibi Tumpe alimwambia mkwewe ajaribu mara hii tu. Atuganile akapanda, khanga usoni. Walipofika katikati ya mashamba ya chai, mzee akasikia sauti nyuma yake. Mkwe wake alikuwa amelala, anakoroma.

Kukoroma mgongoni kwa baba mkwe, wanangu, kwa mila zetu ni aibu kubwa. Bibi Tumpe alinyoosha mkono amwamshe. Mzee akamzuia.

"Mwache," alinong'ona. "Mshika usukani hakijui kiti cha nyuma. Leo kiti chenyewe kinanieleza."