Ngamia wa Sultani na Pete ya Kadhi Mahfudhi

Sikieni, na anayeijua hekaya hii kunizidi anyamaze, maana hayupo. Katika mji wa Kisimanuru alitawala Sultani Badrudini, mwenye kasri la marumaru na kasuku wanaosalimu kwa Kiajemi, na mjini humo alikuwapo Bi Mwanakombo, mjane mzuri wa sura na mkali wa ulimi, mpika halua tamu hata mahasimu waliila wakapatana, kisha wakagombania iliyobaki.

Siku moja Waziri Shamte akaamuru soko la ngamia lihamishiwe ubavuni mwa jiko la bibi huyo, na ngamia wakaja, na manyoya yao yakaruka hadi sufuriani, na wateja wakaanza kutema, na bibi akaona riziki yake inakwisha. Akamwendea Kadhi Mahfudhi, aliyekuwa na pete, na ndani ya pete jini Zanfuri, aliyefungwa kwa sharti moja: achane amri yoyote ya serikali iliyotolewa kinyume cha sheria, ila asitoe yake hata moja.

Kadhi akauliza kama waziri alimsikiliza bibi kabla ya kuamua. Hakumsikiliza, na sheria ilimtaka amsikilize. Zanfuri akaichana amri, ngamia wakaondolewa, na vigelegele vikasikika mtaa mzima. Ninyi mnaodhani yameisha, tulieni.

Waziri akaja jikoni, akaketi, akasikiliza malalamiko tangu asubuhi hadi adhuhuri, akaeleza kwamba kisima cha kunyweshea ngamia kiko hapo tu, kisha akatoa amri ileile upya. Ngamia wakarudi, wamenona.

Bibi akarudi kwa kadhi anafuka moshi.

"Maulana, mwambie jini awarushe ngamia juu ya paa la waziri."

"Waziri ana mamlaka ya kupanga soko?"

"Anayo."

"Safari hii amekusikiliza?"

"Kanisikiliza, na halua yangu kala."

"Ametoa sababu?"

"Ya kijinga."

"Ujinga wa kiasi hicho sheria inauvumilia, Bi Mwanakombo. Angeamuru ngamia wakoroge halua, hapo ningeingia."

Zanfuri akachungulia petini, akasema yeye yuko tayari na paa analijua. Kadhi akaigusa pete, kwa kuwa alimpenda bibi huyo kuliko kilemba chake. Lakini alijua akimchagulia sultani mahali pa soko, sharti litavunjika na jini atatoroka, na kesho amri ya dhuluma haitakuwa na wa kuichana. Akamwambia bibi aende akamuulize mwenye kutawala.

Bibi akamwita mwoga, akaenda barazani na sinia la halua. Sultani akatafuna, akavuta kinywani unyoya wa ngamia, ukaja, ukazidi kuja, na wazee wa baraza wakatazama dari. Kabla kahawa haijapoa akaamuru kisima kipya kichimbwe nje ya mji na ngamia wahamie huko, na waziri ashike jembe.

Kadhi akapeleka posa. Bibi akamsikiliza hadi mwisho, akamkataa, na sababu akaitoa: uoga. Kadhi akaitazama pete.

"Hili halichaniki, Maulana," akasema jini. "Mamlaka anayo, na amekusikiliza."

Ikabidi kadhi aje jikoni kila alasiri kukoroga halua na kubembeleza kama raia mwingine yeyote, hadi bibi akabadili mawazo mwenyewe, wakaoana, na halua ikawatajirisha. Basi wewe unayetaka hakimu akutawalie nchi, mwachie akuchagulie na mke, tuone.