Kiboko Alivyokauka Mkutanoni

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa kikao!
Kifupi?
Thubutu!

Basi hapo kale Kiboko alilikalia dimbwi la pekee, akasema maji ni yake, hata povu ni lake. Mwenye kiu akisogea, yeye hufunua kinywa: ghwaaa! Mwenye kiu hurudi mbio. Wana wa Pimbi walikauka ndimi hata kulia wakashindwa.

Pimbi, mnyama mdogo wa majabalini, kimo kidogo, maneno tele, akaunda shirika. Akaliita Tusemezane. Akamwendea Kiboko.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Rudi nyuma."

"Tuna warsha ya uongozi wenye maadili na majadiliano ya wazi. Mgeni rasmi ni wewe."

"Kuna chakula?"

"Matikiti. Mgeni rasmi hula kwanza, akishafunga kikao."

"Hayo ndiyo maadili!" Kiboko akatoka majini: chubwi, chubwi, chubwi.

Akaketishwa juu ya jiwe, juani, maana mgeni rasmi lazima aonekane.

Bi Kobe akasimama. Kusimama tu, asubuhi ikaisha. "Mimi sina mengi," akasema. Akayasema yote.

"Nifunge?" akauliza Kiboko.

"Bado, Mheshimiwa. Kiongozi husikiliza."

Jua: ng'aa! Ngozi: kakaka!

Akasimama Kasuku. "Naunga mkono msemaji aliyetangulia." Akarudia yote, pamoja na kikohozi cha Bi Kobe.

"Nifunge?"

"Bado, Mheshimiwa. Kiongozi husikiliza."

Jua: ng'aa! Ngozi: kakaka!

"Basi nikajiloweshe kidogo!"

"Nenda tu, Baba. Ila anayetoka mapema, matikiti yake hugawiwa wengine."

Kiboko akayatazama matikiti. Akakaa.

Bi Kobe akainua mguu: "Nina nyongeza."

"Jamani, nakufa! Kwani mnataka nini?"

"Maji!"

"Si mngesema!"

"Tunasema tangu adhuhuri, Mheshimiwa."

"Kunyweni! Nyinyi, watoto wenu na mashemeji zenu, siku zote! Nimefunga!" Akajitupa dimbwini: chubwiii! Matikiti akayasahau.

Wana wa Pimbi wakanywa, gubu gubu gubu, wakapata sauti, wakaanza kugombana. Pimbi akakata matikiti.

Fundisho, wanangu: kiongozi bora husikiliza watu kwa hiari yake mwenyewe, wala halazimishwi na mtu.

Ngano yangu imekomea hapo. Ikiwa tamu, meza. Ikiwa chungu, mpelekee jirani.